Walinunuliwa siku moja, mbona huyu hakui?

“Baba, Nukta amekufa tena.”

Kwa wiki mbili za mwanzo hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya asubuhi. Natoka mbio na taulo begani, namkuta samaki amelala ubavu chini ya gogo, macho wazi, hatikisiki. Mwanangu wa mwisho, wa miaka minane, amebandika pua kwenye kioo na machozi yanamlenga. Nagonga kioo kidogo (kosa, nilikuja kuambiwa baadaye), samaki anainuka na kuondoka zake kama mtu aliyekatishwa usingizi.

Ndivyo walivyo klauni lochi, wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mikanda mitatu myeusi. Hulala ubavu, wakati mwingine hata chali. Hutoa pia mlio wa “tak, tak” unaosikika hadi nje ya kioo, hasa wanapogombana au wanapokula. Kama wewe mzazi mwenzangu umewanunua juzi na unasoma hapa roho ikiwa juu, tulia. Kulala ubavu si ugonjwa.

Kilichonisumbua mimi kilikuja baadaye, nacho hakina uhusiano na usingizi.

Samaki watano, watoto watatu

Tulinunua watano kwa siku moja, kutoka tangi moja, wote wakiwa na urefu wa kama sentimita 5. Nilitaka watatu, mmoja kwa kila mtoto. Kijana anayeuza samaki wa mapambo alikataa. “Bosi, hawa ni watu wa ukoo. Ukimweka mmoja au wawili watajificha mpaka wafe.” Nilidhani ananiongezea bili tu, lakini alikuwa sahihi. Lochi hawa huishi kwa makundi, na watano au sita ndiyo idadi ya kuanzia.

Kila mtoto alichagua wake na kumpa jina. Binti wa miaka 14 alimchukua Bi Mkubwa, mdogo wake wa miaka 12 akamchukua Kanali, na wa mwisho akamchukua Nukta, kwa sababu alikuwa na doa dogo kwenye mkanda wa katikati. Wawili waliobaki, Chenza na Mistari, wakawa wa baba na mama.

Binti ndiye aliyeleta wazo la kuwapima. Alibandika utepe wa fundi cherehani nje ya kioo, karibu na sehemu wanapokula, na kila Jumamosi akawa anaandika kwenye daftari. Mwanzoni ilikuwa raha. Baada ya miezi kumi daftari lilisomeka hivi: Bi Mkubwa sentimita 10, Kanali 9, Chenza 8, Mistari 7 na nusu, Nukta 5 na nusu.

Nusu sentimita kwa miezi kumi!

Na kwa kuwa watoto ni watoto, kaka mtu akapata neno. Nukta akawa “mbilikimo”, kisha neno likahama kutoka kwa samaki likaenda kwa mwenye samaki. Wa mwisho wetu ndiye mfupi kuliko wote darasani kwake. Hilo tulikuwa tunalijua na hatukulisema. Kila alipoulizwa habari ya Nukta, mimi nilijibu kwa niaba yake: “Kila mtu ana mwili wake.” Nilitosheka na jibu hilo. Yeye hakutosheka.

Usiku wa chakula

Asubuhi moja ya Jumapili nilikuta maji ya tangi yamekuwa meupe kama maji yaliyooshea mchele. Samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanatweta. Chini kulikuwa na tabaka la punje za chakula zilizovimba. Kopo la chakula lilikuwa tupu.

Nilitoa nusu ya maji, nikaweka mengine yaliyokuwa yamekaa ndooni tangu juzi, nikaongeza pampu ya pili ya hewa tuliyoazima kwa jirani. Wanne walipona. Kanali hakupona.

Wa mwisho alikiri mwenyewe kabla sijauliza. Aliamka usiku, akamwagia Nukta chakula “cha peke yake, wenzake wakiwa wamelala”. Hakujua kwamba chakula kinachooza kwenye maji hula hewa ya samaki na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Hewa inapopungua, mara nyingi wakubwa ndio hutangulia kufa. Wafugaji wa mabwawa wanalijua hili. Hakujua pia kwamba usiku ndipo lochi huchangamka, kwa hiyo wenzake hawakuwa wamelala hata kidogo.

Kaka yake hakusema neno siku nzima. Mimi sikumchapa mtoto. Ningemchapa kwa lipi? Alikuwa ameuliza kwa miezi kadhaa mbona samaki wake hakui, na mtu mzima wa nyumba akampa msemo badala ya jibu.

Kwa hiyo nilianza kutafuta jibu.

Kwanza, umri wao haulingani

Klauni lochi si samaki wa kwetu. Asili yao ni mito ya visiwa vya Sumatra na Borneo, huko Indonesia. (Inachekesha ukifikiri kwamba samaki wa Ziwa Tanganyika wanaotoka Kigoma wanapamba sebule za Ulaya, nasi huku tunapamba na wa Sumatra.) Wengi wanaouzwa bado huvuliwa mtoni wakiwa wadogo, ingawa siku hizi kuna mashamba ya Asia yanayowazalisha kwa sindano ya homoni. Wakivuliwa huchanganywa, hupangwa kwa ukubwa, husafirishwa kwa ndege. Sentimita 5 zinaweza kuwa za samaki wa miezi michache aliyekula vizuri, au za mkubwa kwake aliyeshinda njaa. Tangi moja dukani halina maana ya tumbo moja.

Pili, jike na dume. Kwa lochi hawa jike ndiye anayekuwa mkubwa na mnene zaidi, na mara nyingi ndiye kiongozi wa kundi. Wanaofuga sato watashangaa, maana kule dume ndiye anayekimbia na ndiyo sababu mabwawa mengi hupandwa madume matupu. Tatizo ni kwamba lochi akiwa mdogo huwezi kumtambua jinsia kwa macho. Kwa hiyo huenda Bi Mkubwa ni bibi kweli, nasi tulibahatisha jina.

Nne kwa tano ya maelezo, lakini, iko kwenye meza ya chakula.

Mkubwa hula kwanza

Kijana wa dukani alinipa kazi: nizime taa, nisubiri nusu saa, kisha niangalie kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu ya plastiki. Tulikaa wote watano sakafuni, gizani, kama tunaotazama sinema.

Tuliona mambo ambayo mchana hayaonekani. Chakula tulikuwa tunadondosha sehemu moja, pembeni kushoto, na chini yake kuna bomba la plastiki. Bi Mkubwa alikuwa ameligeuza kibanda chake. Chenza na Mistari waliruhusiwa kupita kwa zamu. Nukta alikuja mara tatu, na mara zote tatu Bi Mkubwa alififia rangi, mikanda myeusi ikawa ya kijivu, akamsukuma kwa ubavu. Kufifia huko ni lugha yao ya ugomvi. Mara ya nne Nukta hakuja.

Anayefuga kambale amekwisha kuelewa. Vifaranga vya kambale vya tumbo moja, vilivyoanguliwa siku moja, ndani ya wiki chache vinapishana. Aliyetangulia kidogo anapata tonge kubwa, tonge kubwa linamkuza, ukubwa unampa tonge kubwa zaidi. Pengo halizibiki lenyewe, linapanuka. Ndiyo maana wafugaji huwachambua kila baada ya muda, wakubwa bwawa hili na wadogo lile, la sivyo wakubwa huwala wadogo. Lochi hawalani, lakini hesabu ya tonge ni ileile.

Na si njaa tu. Samaki anayesukumwa kila siku huishi kwa hofu, na hofu ya muda mrefu hupunguza hamu ya kula na hudumaza mwili hata pale chakula kinapopatikana. Mdogo wa kundi analipa mara mbili.

Kuna jambo hapa ambalo ningependa mzazi alishike, kwa sababu litamwokolea fedha. Kama samaki wako wote hawakui, lawama ziende kwenye maji, ukubwa wa tangi au chakula chenyewe. Kama mmoja tu ndiye amebaki nyuma na wenzake wananawiri, maji yameshajitetea. Tafuta kwenye kundi, au ndani ya tumbo la huyo mmoja. Watu wengi hukimbilia kununua dawa za maji kwa tatizo ambalo si la maji.

Na ule usemi kwamba samaki hukua kwa kipimo cha tangi lake, usiuamini. Samaki aliyebanwa kwenye tangi dogo hajajirekebisha. Amedumaa.

Tulichobadilisha

Tulianza kudondosha chakula sehemu tatu kwa wakati mmoja, muda mfupi baada ya kuzima taa. Punje ziwe za kuzama, maana lochi hula chini; zile zinazoelea huliwa na wengine au huoza. Mara mbili kwa wiki wanapata vipande vya tango lililochemshwa kidogo, au konokono wadogo, ambao kwao ni sherehe.

Tuliongeza mabomba ya plastiki, mengine membamba ambayo Bi Mkubwa hawezi kuingia. Hicho ndicho kilichosaidia haraka kuliko vyote, na kiligharimu kipande cha bomba kilichobaki kwa fundi. Baadaye, baada ya kuwatenga wiki kadhaa kwenye ndoo yenye chujio, tuliongeza wengine wawili. Kundi likiwa kubwa, ubabe wa mmoja hugawanyika kwa wengi.

Maji tunabadilisha robo hadi theluthi kila wiki. Ya bomba yana klorini, hivyo hukaa ndooni siku nzima na pampu ya hewa, au hutiwa dawa ya kuondoa klorini. Kwa wakazi wa Dar es Salaam wanaotumia visima, onja kwanza: lochi ni samaki wa maji laini ya mtoni, chumvi ya kisima hawaiwezi. Joto la pwani linawafaa bila hita, kwani wanataka kama nyuzi 25 hadi 30. Arusha, Mbeya au Nairobi, nunua hita. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usiwalishe.

Tahadhari moja kwa wenye watoto wadogo: chini ya kila jicho lochi ana mwiba unaochomoka kama kisu cha kukunja. Usimkamate kwa mkono, na wavu humnasa mwiba huo. Mvue kwa kopo la plastiki.

Lakini Nukta aliendelea kukonda

Wiki sita zilipita. Sasa alikuwa anakula, tulimwona kwa macho yetu. Chenza na Mistari waliongezeka. Nukta alibaki 5 na nusu, na safari hii binti yangu aliona kitu ambacho utepe hauoni. “Baba, mtazame kwa juu.” Kutoka juu, nyuma ya kichwa, mgongo ulikuwa umekuwa mwembamba kama ukingo wa kisu. Tumbo limeingia ndani.

Hiyo ni alama ya kukumbuka. Samaki mdogo mwenye afya ni mdogo lakini ameviringika. Anayekula na bado anakonda mgongoni, mara nyingi ana wageni tumboni. Lochi waliovuliwa mtoni huja na minyoo au vimelea vingine vya utumbo, na anaweza kuishi navyo miezi mingi akiwa anakula chakula cha watu wawili na kunenepa hapana.

Daktari wa mifugo aliyetusaidia alitumia levamisoli, dawa ya minyoo ileile wanayopewa mbuzi na kuku. Sitaandika kipimo hapa, na tafadhali usikisie. Lochi wana magamba madogo mno, karibu hayaonekani, hivyo dawa za majini huwaingia kwa nguvu kuliko samaki wengine, na kipimo cha mbuzi kitawaua. Alituagiza tutoe mkaa kwenye chujio, tuzime taa, na baada ya siku moja tunyonye uchafu wote wa chini ili minyoo iliyotoka isiliwe tena. Wiki tatu baadaye tukarudia. Alitibu tangi zima, si Nukta peke yake, kwa sababu wote walikuwa wakinywa maji yaleyale.

Mimi ndiye niliyekuwa nikisema kila mtu ana mwili wake. Huyu hakuwa na mwili wake, alikuwa na minyoo.

Swali la kwenye gari

Siku tuliyotoka kwa daktari, wa mwisho alikaa kiti cha nyuma na kopo tupu mapajani. Tulikuwa kwenye foleni. Akauliza, “Na mimi, je?”

Mama yake alielewa kabla yangu. Tulipofika nyumbani alifungua sanduku la vyeti akatoa kadi ya kliniki ya mtoto, imechakaa kwenye mikunjo. Akaikunjua mezani. Kwa wasioikumbuka, ile kadi ina mistari ya njia iliyopinda kupanda juu, na muuguzi huweka nukta kila mwezi mtoto anapopimwa uzito. Nukta za mwanetu zilikuwa chini, karibu na njia ya chini. Lakini zilipanda. Mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, sambamba na njia ile, bila kulala.

Alimwonyesha kwa kidole. Kisha akachukua daftari la dada yake, akachora nukta za yule samaki kwenye karatasi. Mstari ulilala kama barabara ya Dodoma.

Mtoto alitazama karatasi zote mbili kwa muda. Hakusema kitu. Lakini tulikuwa tumeishia kwenye kadi, na kadi inaishia miaka mitano. Tangu hapo hakuna aliyempima. Mtoto wa umri wa shule ya msingi, kabla ya balehe, huongezeka takribani sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akiwa chini ya 4, ni vyema aonwe na daktari, awe mrefu au mfupi kuliko wenzake. Sisi hatukuwa na namba hata moja ya miaka mitatu iliyopita. Samaki tulikuwa tunawapima kila Jumamosi.

Tulimpeleka. Alipimwa urefu na uzito, akatazamwa damu na choo, tukaulizwa urefu wetu sisi wazazi na umri ambao mimi nilianza kurefuka. (Nilirefuka nikiwa kidato cha tatu, kabla ya hapo nilikuwa nakaa dawati la mbele.) Hakukutwa na tatizo. Tuliambiwa tumpime tena baada ya miezi sita, na sita mingine, tuandike. Sasa kuna alama tatu za kalamu kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Kati ya ya kwanza na ya tatu ni sentimita 5 na kidogo.

Kaka yake naye aliomba apimwe palepale. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akachukua mmoja wa wale lochi wawili wapya na kumwita Kanali wa Pili. Neno mbilikimo sijalisikia tena, ingawa sina uhakika kama ni kwa sababu ya kadi au kwa sababu ya asubuhi ile ya maji meupe.

Nukta sasa ana sentimita 8. Baada ya dawa alikimbia kwa miezi mitatu, jambo linalotokea kwa samaki wengi waliokosa chakula kisha wakakipata, halafu akarudi kwenye mwendo wa kawaida. Bado ni wa mwisho kati ya wale wa kwanza. Bi Mkubwa amefika 12 na amehamia bomba lingine.

Jumamosi iliyopita binti alifunga hesabu za daftari, akapiga mahesabu ya mbele. Lochi hawa porini hufika karibu sentimita 30, na wakitunzwa huishi zaidi ya miaka 20. Tangi letu ni la futi 4, kama lita 250. Wakubwa wanataka futi 6 kwenda juu. Mama yake aliangalia ukuta wa sebule, akaangalia kochi, akaniangalia mimi.

“Kochi linaenda wapi?” akauliza.